Miski na Tabia ya Mwenye Kujipaka

(Nakala ya mawaidha yaliyotolewa msikitini baada ya Swala ya Magharibi)

Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake wote. Amma baad:

Ndugu zetu katika imani, jambo tulilokusudia kulizungumza leo huenda likaonekana dogo. Ni manukato, tena manukato ya aina moja: miski. Tumelichagua kwa sababu siku hizi chupa za manukato yanayoitwa "ya mashariki", yenye harufu nzito ya miski, udi na ambari, huuzwa pamoja na maneno. Katika matangazo huelezwa kwamba mwenye kuyatumia ni mtu shujaa, msiri, mwenye haiba na mwenye kuvuta nyoyo za watu. Vijana wetu wameyapokea maneno hayo. Utamsikia mmoja akisema, "Miski nzito ndiyo mimi," na mwingine akimpima mwenziwe kwa anavyonukia kabla hata ya kuitikia salamu yake.

Tusije tukaeleweka vibaya. Kujitia manukato ni katika Sunna. Imethibiti kwa Imamu Muslim, kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) aliitaja miski kuwa ndiyo bora ya manukato. Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Mtume hakuwa akirudisha manukato aliyopewa. Mwanamke wa Kiansari alipouliza namna ya kujitwaharisha baada ya hedhi, alielekezwa atumie kipande chenye miski. Basi asije mtu akatoka hapa akasema tumeharamisha uturi, kwani baadhi yetu tunapenda mno kuharamisha.

Suala letu ni jingine: je, harufu yatoa ushahidi juu ya mtu?

Wengi mnaijua Hadithi ya Abu Musa al-Ashari (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, inayomfananisha rafiki mwema na mbeba miski, na rafiki mbaya na mwenye kuvuvia mivuo ya mhunzi. Mbeba miski ama atakupa, ama utanunua kwake, ama walau utapata kwake harufu njema. Yule wa pili ama atakuunguzia nguo, ama utaondoka na harufu mbaya. (Wala si kashfa kwa kazi ya uhunzi, kwani Nabii Daudi (a.s.) alilainishiwa chuma na Mola wake.) Zingatieni mfano ulivyowekwa. Yule mbeba miski hakusifiwa kwa namna anavyojiona mwenyewe. Amepimwa kwa kile anachoondoka nacho jirani yake. Matangazo yamekigeuza kipimo hicho: yanamtaka mvaaji ajinuse, ajipende, kisha aamini kwamba amekuwa mtu mwingine.

Kisha tazameni mfungaji. Imethibiti katika Bukhari na Muslim kwamba harufu ya kinywa cha mwenye kufunga ni nzuri zaidi mbele ya Allah kuliko miski. Mchukueni mtu huyo alasiri ya Ramadhani, mbeba mizigo bandarini, kinywa kimekauka na jasho limemtoka. Mpeni kwa wale wanaosoma tabia za watu kwa pua zao, watamwandikia nini? Nasi tunapomkwepa katika safu, tunamwandikia nini? Ni kweli kwamba tumeamrishwa kuoga siku ya Ijumaa, na kwamba aliyekula vitunguu au thomu amekatazwa kuwaudhi wenzake msikitini. Lakini adabu hiyo ni ya kumwondolea mwenzako udhia, na haikumpa mtu yeyote ruhusa ya kumdharau maskini.

Waliotutangulia waliiogopa miski kwa namna ambayo sisi hatuifikirii. Imepokewa kwamba Umar bin al-Khattab (r.a.) aliletewa miski na ambari kutoka Bahrain, naye akatamani kumpata mwanamke hodari wa kupima, ili aigawe kwa Waislamu. Mkewe Atika akajitolea. Umar akakataa. Alichelea kwamba vidole vyake vitabaki na kidogo, kisha atavipitisha shingoni, na hivyo nyumba ya Khalifa ipate zaidi ya wengine. Ni mabaki ya vidoleni, ndugu zetu! Na Umar bin Abdul Aziz amepokewa kwamba aliziba pua ilipoletwa miski ya Baitul Mali. Alipoulizwa, alijibu kwa maana kwamba manufaa ya miski ni harufu yake, naye hataki kunufaika na mali ya umma. Leo wanaokabidhiwa fedha za misikiti na za mayatima wananukia vizuri mno, na mahesabu hayasomwi. Basi atakaye kuijua tabia ya mwenye miski na aulize miski hiyo ilinunuliwa kwa fedha ya nani.

Tumefika kwa wauzaji, na hapa hatuna budi kukaa kidogo.

Miski ya asili hutoka kwa paa dume wa milima ya Himalaya, Tibet na sehemu nyingine za Asia. Ana kifuko karibu na kitovu, chenye gramu 25 hivi, kwa hiyo kilo moja yahitaji vifuko 40 hivi. Mitego haichagui, huua pia majike na watoto wasio na miski. Kwa sababu hiyo biashara yake imewekewa vizuizi vikali vya kimataifa. Punje zake ni za rangi ya kahawia iliyokoza au nyeusi. Wanazuoni wameikubali kuwa twahara, na Imamu Nawawi amenakili ijmai juu ya hilo, ingawa asili ya kitu kilichokatwa kwa mnyama aliye hai ni kuhesabiwa kuwa mzoga.

Ama ile tunayonunua kwa bei ya sahani ya wali, yatoka kiwandani. Mwaka 1888 mkemia wa Kijerumani, Albert Baur, akiwa katika utafiti wa vitu vya kulipuka, alipata kitu chenye kunukia miski, na tangu hapo viwanda vimevumbua aina nyingi. Hakuna ubaya wa kuitumia. Ubaya uko kwa mwenye kuiita "miski halisi ya paa", tena akaapa, na kichupa chenyewe kina miski nyeupe! Ghushi hii ni ya kale. Al-Shayzari, aliyeandika kitabu juu ya hisba katika karne ya 12, aliwawekea wauza manukato mlango wao na akaeleza hila zao katika miski. Nasi sote tunaijua habari ya Mtume (s.a.w.) aliyetia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu ndani yake, na alivyojitenga na mwenye kughushi. Wako pia wanaoiuza kwa madai ya kufukuza majini. Hao tumewahi kuwazungumza, na In shaa Allah tutarudi kwao.

Kwa hiyo tumezungumza na ndugu zetu wanaotandika biashara mlangoni mwa msikiti huu, nao wamekubali. Kuanzia Ijumaa ijayo kila kichupa kitaandikwa wazi kama ni mafuta ya kiwandani au la, na asiyejua asili ya bidhaa yake atamwambia mnunuzi kwamba hajui. Waungeni mkono. Mkiona bei ya kichupa haikushuka baada ya kuandikwa, nunueni vivyo hivyo, kwa kuwa muuzaji huyu amekwambieni ukweli.

Wallahu aalam.