Mgonjwa wa Mafua Asisubiri Mapambazuko



Huenda mtu akajiuliza: polisi na mafua, wapi na wapi? Usiku mmoja, katika kizuizi cha barabarani, mama mmoja aliyempakata mtoto juu ya pikipiki alicheleweshwa. Aliulizwa kitambulisho, atokako na aendako, mtoto hakutazamwa. Mtoto alipona. Lakini baadaye mama alitueleza kwamba mwanawe alianza kupumua kwa shida tangu jioni, naye akasita kutoka kwa kuyaogopa maswali hayo hayo. Yeye alichelewa kutoka, nasi tukachelewa kumpisha. Kwa sababu hiyo tumewauliza wahudumu wa afya, na leo tunawaletea waliyotufunza.

Homa ya mafua huletwa na virusi. Huanza ghafla kwa joto la mwili, kikohozi, koo kuwasha, kichwa na viungo kuuma, na uchovu mwingi. Wengi hupona kwa muda wa wiki moja, ijapokuwa kikohozi huweza kudumu wiki mbili au zaidi. Antibayotiki haziui virusi. Kuzinunua bila kuandikiwa na mganga ni kutupa fedha.

Mgonjwa na apumzike, anywe maji, uji au supu mara kwa mara. Parasetamoli hushusha homa na kutuliza maumivu, ila mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Mtoto hupewa kwa kadiri ya uzito wake, wala asipewe aspirini. Asali hutuliza kikohozi, lakini mtoto asiyetimiza mwaka 1 asilambishwe. Mgonjwa akohoe kwenye kiwiko, anawe mikono kwa sabuni, na asiende sokoni wala shuleni hadi zipite saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha.

Hata hivyo, kwetu neno homa limebeba magonjwa mengi. Ukanda huu wa Busia na Tororo una malaria nyingi, na hakuna kiganja kiwezacho kugusa paji la uso kikatofautisha malaria na mafua. Kwa hiyo kila mwenye homa apimwe malaria ndani ya saa 24, kwa mhudumu wa afya wa kijiji au katika kituo cha afya, hata kama anapiga chafya.

Zipo dalili zisizongoja asubuhi. Kwa mtoto: kupumua haraka au mbavu kubonyea ndani anapovuta pumzi, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, au kulegea asiamke. Kwa mtu mzima: kukosa pumzi, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, au midomo kugeuka rangi ya buluu. Homa iliyopoa kisha ikarudi kwa nguvu nayo ni onyo. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa apelekwe mara moja. Wajawazito, wazee, watoto wadogo, na wenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo au virusi vya UKIMWI wamwone mganga mapema, mafua yanapoanza tu.

Vijana wa boda boda, kazi yenu ilipata jina lake katika mpaka huu, kwa kuwavusha watu kutoka boda moja hadi nyingine. Mnapombeba mgonjwa usiku, msikwepe kizuizi kwa njia za panya, wala msikipite kwa kasi. Punguzeni mwendo, simameni, na neno lenu la kwanza liwe "mgonjwa". Nasi tunaahidi kwamba swali letu la kwanza litakuwa hali yake, vitambulisho vitafuata. Askari akienda kinyume cha ahadi hii, njooni kituoni mtuambie.

Ndugu zetu, mwenye homa apimwe, mwenye mafua mepesi atunzwe nyumbani, na mwenye dalili za hatari aondoke hata kama ni saa nane za usiku. Akitukuta njiani, atukute tukimpisha.