Sadaka Isiyotangazwa



Uislamu umeisifu sadaka itolewayo kwa siri. Mchoraji wa Kiingereza ajiitaye Banksy, ambaye huficha jina lake halisi, alizitundika hotelini Bethlehemu picha tatu za bahari, ufukweni akiwa ameongeza maboya ya wakimbizi waliozama. Mwezi wa Julai 2020 ziliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni milioni 2, kusaidia hospitali ya mji huo kutibu wenye kiharusi na kununua vyombo vya kuwatibu watoto walemavu. Mtoto atibiwaye kwa vyombo hivyo haujui uso wa mfadhili wake.

Basi, wanachama, mchango usingoje majina kusomwa hadharani. Mgonjwa huhitaji dawa, hahitaji sifa za mtoaji.