Jina na Mwenye Jina

Watu wa Moi's Bridge hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa habari ya majina. Zamani mahali hapa paliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la Cecil Hoey, mlowezi na mwindaji aliyejenga daraja la kuvukia mto Nzoia mwanzoni mwa karne ya 20. Baadaye pakaitwa kwa jina la Daniel arap Moi, aliyekuwa Rais wa Kenya tangu mwaka 1978 hata 2002. Jina limegeuka, lakini msafiri atokaye Eldoret kwenda Kitale avuka mto ule ule, na kama daraja lingebomoka asingevushwa na jina la mtu yeyote, la kwanza wala la pili.

Moi mwenyewe aliitwa na wazazi wake Toroitich, maana yake ni kukaribisha ng'ombe nyumbani. Jina la Daniel alilipata kwa ubatizo, katika misheni ya Africa Inland. Kwa Kiebrania maana yake ni kwamba Mungu ndiye mwamuzi wangu. Ni jina zito kwa mtu yeyote, na zito zaidi kwa mwenye cheo, kwa maana kila aitwapo hukumbushwa kuwa naye yuko amwamuaye.

Pande hizi majina ya asili hayatolewi ovyo. Kwa Wakalenjin, Kiprotich alizaliwa ng'ombe warudipo zizini, na Kipkoech alizaliwa alfajiri. Kwa Wabukusu, Wafula ni mtoto wa mvua, Wekesa ni wa mavuno, Wanyonyi ni wa palizi, na Wanjala ni wa wakati wa njaa. Aliyemwita mwanawe Wanjala hakumlaani; alitunza kumbukumbu ya mwaka ule mgumu, naye mtoto akaishi. Ni vigumu kuona ushenzi katika jambo hilo, ingawa wako wamisionari waliouona, wakamwambia mbatizwa aliache jina la babu yake mlangoni mwa kanisa.

Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 iliwaagiza mapadri wahakikishe kwamba abatizwaye amepewa jina la Kikristo. Ile ya mwaka 1983 yataka tu kwamba jina lisiwe geni kwa moyo wa Kikristo. Lakini kabla ya badiliko hilo Waganda walikuwa wamekwisha kuonyesha njia. Kijana Kizito, mdogo kuliko wenzake, aliuawa kwa moto pale Namugongo tarehe 3 Juni 1886 kwa sababu hakukubali kuikana imani yake. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita alimtangaza kuwa mtakatifu pamoja na Karoli Lwanga na wenzao. Basi tangu hapo Kizito na Lwanga, majina ya Kiganda, hutolewa kwa watoto kama majina ya ubatizo. Majina hayo hayakubadilishwa hata herufi moja. Waliokuwa nayo ndio waliyapa heshima.

Hata neno "Wakristo" lilianza kwa kuitwa. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 11, chasema kwamba wanafunzi waliitwa hivyo kwanza huko Antiokia. Yaelekea ni majirani waliowatazama ndio waliowapa jina. Naye Paulo, katika waraka wake kwa Filemoni, amtaja mtumwa Onesimo, ambaye jina lake kwa Kiyunani maana yake ni "afaaye." Paulo akiri kwamba zamani mtu huyo hakumfaa bwana wake, ila sasa amekuwa wa kufaa kweli. Jina lilimtangulia, mwenyewe akalifuata nyuma, akalifikia akiwa mtu mzima. Habari hii yapasa kuwapa moyo wengi.

Sasa tuje sokoni, maana mji huu waishi kwa mahindi. Wakati wa mavuno huja mnunuzi aitwaye Emanueli, yaani "Mungu pamoja nasi," akiwa na mizani iliyolegezwa. Huja na muuzaji aitwaye Grace, yaani neema, akiwa na gorogoro iliyobonyezwa kitako ili ipokee punje chache. Mjane aliyelima nusu eka hapimi jina la mtu. Apima magunia yake nyumbani, kisha ayapima tena kwa mnunuzi, na tofauti ya mara mbili hizo ndiyo karo ya mtoto wake. Watoto wake wamesimama kando wakitazama, nao wamekwisha kufundishwa katika shule ya Jumapili maana ya Emanueli.

Mzazi apelekaye mtoto kubatizwa na amweleze mapema, kwa lugha ya nyumbani, maana ya majina yake yote mawili. Na mwenye gorogoro iliyobonyezwa aweza kuinyosha kwa nyundo leo jioni, kabla ya soko la kesho.