SOMO LA AFYA: KURUDI MBIONI BAADA YA KUPUMZIKA

Fungueni madaftari, mshike kalamu.

Leo tutazungumza habari za mtu aliyezoea kukimbia na wenzake kila juma, kisha akaacha kwa sababu ya ugonjwa, au kazi, au kuumia mguu. Sasa anataka kurudi. Afanyeje?

Kwanza nitawapa habari ya kweli. Tarehe 2 Oktoba 2004, katika bustani kubwa iitwayo Bushy Park, mjini London, watu 13 walikusanyika kukimbia kilomita 5. Aliyewaita alikuwa Bwana Paul Sinton-Hewitt. Yeye mwenyewe hakuweza kukimbia, maana alikuwa ameumia. Lakini hakutaka kutengana na wenzake. Basi akawatayarishia mbio, nao wakakimbia.

Mbio hizo sasa huitwa parkrun, nazo hufanywa kila Jumamosi katika nchi nyingi. Hakuna kiingilio. Tena kuna desturi nzuri: mtu mmoja hujitolea kutembea nyuma ya wote mpaka mwisho. Kwa hiyo mgeni, au mgonjwa aliyepona, hawi wa mwisho kamwe.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu mara nyingi kinachomzuia mtu kurudi si mguu, ni aibu. Zamani alitangulia, sasa anaogopa kuonekana nyuma. Na akirudi na aibu hiyo, hukimbia kwa nguvu zote kama zamani, akaumia tena.

Sikilizeni sababu yake. Ukipumzika majuma mengi, moyo na misuli hupungua nguvu. Ukianza tena, pumzi hurudi upesi. Lakini kano huchelewa. Kano ni kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa. Gusa nyuma ya mguu wako, juu kidogo ya kisigino: hiyo ni kano. Basi siku utakayojiona mzima ndiyo siku ya kujihadhari. Pumzi inasema, "Twende!" na kano bado haijawa tayari.

Fanya hivi. Tembea dakika 2, kisha kimbia polepole dakika 1. Rudia mpaka zitimie mara 8. Piga hesabu katika daftari: jumla ni dakika ngapi? Naam, ni 24. Kimbia kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza. Pumzika siku moja au mbili, ndipo ufanye tena. Juma lifuatalo, kama huna maumivu, ongeza kukimbia kidogo tu. Ukiwa na homa, usikimbie. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama, ukamwone daktari.

Siku ya mbio, simama nyuma. Wasalimu wenzako, uwaambie, "Leo natembea kidogo, nakimbia kidogo." Ukiisha kusema hivyo, aibu imekwisha. Usijipime kwa muda wako wa zamani. Andika muda wa leo katika ukurasa mpya. Huo ndio utakaoulinganisha na wa juma lijalo.

Sasa andikeni maneno haya: pumzi, kano, kisigino, aibu. Kisha andikeni methali hii: Mwenda pole hajikwai. Isomeni kwa sauti, mara mbili.

Ikiwa yuko mwenzenu aliyeacha kukimbia, mpelekeeni habari hii leo. Huenda anangoja kuitwa tu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.