Kitambaa Ambacho Mtoto Anaweza Kukiachia
Mazungumzo na wazazi, walezi na walimu wa madarasa ya awali kuhusu parachuti la kuchezea



Leo tunazungumzia kifaa ambacho huenda baadhi yenu mmekiona kwenye mahafali ya chekechea: kitambaa cha mviringo, chepesi, chenye vipande vya rangi mbalimbali, ambacho watoto hukishika kwa kuuzunguka ukingo wake, kisha wakakipandisha na kukishusha kwa pamoja. Wauzaji hukiita parachuti la kuchezea. Jina hilo si la bure. Huko Marekani walimu wa michezo walitumia maparachuti ya jeshi yaliyoondolewa kazini, kabla ya viwanda kushona madogo yenye vishikio kwa ajili ya watoto.

Tuseme mapema kwamba hatukuja kuupiga vita mchezo huu. Ni mchezo mwema. Hauna mshindi wala mshindwa, na mtoto mpole ana nafasi sawa na mchangamfu, kwa kuwa kitambaa hakipandi vizuri mpaka mikono yote ipande. Tumekuja kuzungumzia jinsi ya kukinunua na kukitumia, kwa sababu hapo ndipo tunapoona wazazi wakipoteza fedha, na mara nyingine watoto wakiumia.

Tutoe mfano wa lalamiko moja, bila kumtaja mhusika. Wazazi wa kituo cha kulelea watoto mchana walichanga fedha wakanunua parachuti lenye kipenyo cha mita 6. Muuzaji aliwaambia kwamba kubwa ndilo zuri, maana watoto wataongezeka. Siku hiyo kituo kilikuwa na watoto 14, wengi wao wa miaka minne. Walikipandisha kitambaa uwanjani, upepo ukaingia chini yake, na mtoto mmoja aliyekuwa amepitisha mkono ndani ya kishikio hadi kwenye kifundo akaburutwa hatua kadhaa. Mkono wake uliteguka. Wazazi waliporudi dukani waliambiwa kwamba bidhaa haina kasoro. Risiti hawakuwa nayo.

Kasoro ilikuwa wapi? Tufanye hesabu pamoja. Kitambaa chenye kipenyo cha mita 6 kina eneo la takriban mita 28 za mraba. Wakikishika watoto 14, kila mmoja anabeba mita 2 za mraba za upepo, yaani kipande kikubwa kuliko kanga moja iliyokunjuliwa. Kitambaa chenye kipenyo cha mita 3.5 kina eneo la mita 9.6 za mraba. Watoto haohao wangebeba kila mmoja chini ya nusu ya kanga. Aliyewahi kuanika kanga siku ya upepo anaielewa tofauti hiyo.

Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza ni hii: usinunue kwa kutazama ukubwa, nunua kwa kuhesabu mikono. Mpe kila mtoto takriban sentimita 70 za ukingo. Kitambaa cha mita 3.5 kina mzingo wa mita 11, hivyo kinawatosha watoto 15 hivi. Cha mita 6 kina mzingo wa karibu mita 19 na kinahitaji watu kama 26. Kumbukeni pia kwamba hata mkiwapata hao 26, kila mmoja atabeba zaidi ya mita moja ya mraba. Kadiri kitambaa kinavyokuwa kikubwa ndivyo kila mkono unavyoelemewa, hata duara likijaa. Kitambaa kikubwa kinawafaa watoto wakubwa, au watoto waliochanganyika na watu wazima.

Kabla ya kulipa, omba kitambaa kikunjuliwe chote. Vuta kila kishikio kwa nguvu ya mtu mzima na utazame mshono wake. Ukiona uzi unaachia dukani, uwanjani utakatika. Tazama tundu la katikati. Tundu hilo hutoa hewa kitambaa kinaposhuka, na ukingo wake unapaswa kuwa umepindwa na kushonwa. Kataa kitambaa chenye kamba ndefu zinazoning'inia, hasa parachuti kuukuu la jeshi, kwa sababu kamba inaweza kuzunguka shingo ya mtoto. Soma maelezo ya umri. Alama ya uso wa mtoto na tarakimu 0–3 ndani ya duara lililokatwa kwa mstari ina maana kwamba bidhaa haimfai mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Nazo herufi CE ni kauli ya mtengenezaji mwenyewe kwamba ametimiza masharti ya Umoja wa Ulaya. Zisikufanye uache kukagua kwa macho na mikono yako.

Wala si lazima kununua. Kwa watoto sita au wanane, shuka jepesi la kitanda linatosha kabisa kwa mawimbi madogo na kurusha mpira laini.

Sasa matumizi. Chezeni mahali tambarare, mbali na mawe, nyaya za umeme na jiko la mkaa, kwa kuwa nailoni huyeyuka na kushika ngozi. Upepo ukivuma, kunjeni kitambaa. Wafundisheni watoto kushika kwa vidole, kamwe wasipitishe mkono ndani ya kishikio. Kabla ya mchezo wowote wafanyeni mazoezi ya neno moja: “Achia!” Wakilisikia, wote wafungue mikono. Msianze mpaka mtoto wa mwisho amelitii.

Anzeni na mawimbi madogo, kisha makubwa. Halafu wekeni mipira laini juu yake, iruke kama bisi kwenye sufuria. Mkitaka watoto wapite chini ya kitambaa, waiteni wawili wawili, watazamane wanakokwenda, maana vichwa hugongana. Mtu mzima mmoja asishike kitambaa. Kazi yake ni kuhesabu: wangapi wameingia, wangapi wametoka. Mtoto asiyetaka kufunikwa asilazimishwe. Aachwe atazame mpaka atakapotaka mwenyewe. Na mtoto asirushwe juu ya kitambaa hata mara moja. Mishono ile haikushonwa kubeba mtu.

Mwisho, haki zenu. Daini risiti ya EFD na itunzeni, hata kama fedha ni za mchango. Mwekeni mtu mmoja wa kuihifadhi. Mwulizeni muuzaji kifaa kinafaa watoto wangapi na wa umri gani, na jibu lake liandikwe kwenye risiti au kwenye karatasi yenye saini. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, lakini neno lililosemwa tu ni gumu kulithibitisha. Kitu kikiharibika au kikimdhuru mtoto, msikitupe na msikishone. Kipigeni picha, kihifadhini, kisha leteni lalamiko pamoja na risiti.

Wazazi wa kituo kile bado wana kitambaa chao. Tuliwashauri wakitumie siku ya wazazi, watu wazima wakiwa wengi kwenye duara, na siku nyingine watoto wapewe kidogo. Mtoto aliyeumia amepona, na tumeambiwa kwamba sasa yeye ndiye anayepaza sauti ya “Achia!” kuliko wote. Hicho ndicho kipimo tunachowaomba mwende nacho dukani: parachuti linalofaa ni lile ambalo mtoto mnyonge kuliko wote katika duara anaweza kulishika, na anaweza kuliachia.