FAINI IMEPUNGUA, KICHWA NI KILE KILE
(Maneno ya Katibu kwa wanachama)



Mwaka 2021 Serikali ilishusha faini ya pikipiki na bajaji toka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa moja. Ni vema. Lakini nasikia vijana wetu wanasema sasa mshikaki ni bei rahisi. Hapana! Ile Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 ipo. Huna kofia, huna leseni, hayo ni makosa mawili, piga hesabu mwenyewe.

Na mikokoteni ya pamba je? Inalazwa usiku ukingoni mwa lami ya Bariadi, ng'ombe wamefunguliwa, hata kitambaa cheupe hakuna. Lori likitokea, dereva ataona nini? Ilazwe uani kwa ghala. Aliyechelewa atapimiwa kesho, mzani hauhami.

Katibu