Sura Zilizo Katika Kioo

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za picha za kale za watu, zilizopigwa juu ya kioo, ziitwazo ambrotaipu. Wako watu wazikusanyao kwa mapenzi makubwa, na wengine huziharibu kwa mikono yao wenyewe, kama tulivyofanya sisi.

Ufundi huu ulitokana na Mwingereza Frederick Scott Archer, aliyeutangaza mwaka 1851 bila kujiwekea haki yake, akafa maskini mwaka 1857. Mpiga picha aliyeyusha pamba ya baruti katika etha na spiriti, akaimimina juu ya kioo, akakichovya katika dawa ya fedha, kisha akapiga picha upesi kabla hakijakauka. Penye mwanga palishika utando mwembamba wa fedha. Penye kivuli kioo kilibaki kitupu. Ukikiinua kwenye nuru, waona sura iliyogeuka, nyeupe imekuwa nyeusi. Lakini weka kitu cheusi nyuma yake, na mara mtu atokea kama alivyokuwa, na ukosi wake na pete yake! Kwa hiyo kila picha ni moja tu, haina pacha.

Yafaa mkusanyaji asiichanganye na jamaa zake. Ile ya kwenye shaba iliyopakwa fedha hung'aa kama kioo cha kujitazamia. Ile ya kwenye bati la chuma huvutwa na sumaku.

Nasi tulinunua moja mnadani: bibi mzee, kofia yenye utepe, mikono juu ya kitabu. Usoni palikuwa na madoa. Tukadhani ni uchafu, tukaitoa katika kasha lake, tukaipangusa kwa kitambaa cha maji (mkono wa mwalimu umezoea kufuta ubao). Shavu likaondoka. Kitambaani palibaki alama ya kijivu, kama masizi ya taa, na hiyo ndiyo iliyokuwa sura ya mtu. Kumbe madoa yale yalikuwa upande wa nyuma, ambako rangi nyeusi ilikuwa imebanduka. Ingalitosha kuweka karatasi nyeusi.

Basi msiipanguse picha ya namna hiyo, wala msiitenge na kasha lake. Iwekeni mbali na joto na unyevu.

Ile yetu tungali nayo. Tumeiwekea karatasi nyeusi, na utepe na mikono vyaonekana vizuri sana. Palipokuwa na shavu, ni karatasi tu.